Isale Mkononi mwa Filemon

"Simba Mbili, gari limeacha lami. Linapanda Machame."

"Nimeliona."

Joyness alirudisha redio ya upepo kiunoni na kuongeza moto kwenye pikipiki yake, Boxer. Mbele, Prado nyeusi ilitimua vumbi katikati ya migomba.

Ndani ya Prado alikuwemo Filemon, mlanguzi wa bunduki wa mpaka wa Tarakea. Mwaka jana alimuua kwa risasi Athanas, askari mwenzake Joyness.

Risasi ya mgongoni.

Joyness hakuwa amesahau, wala hakuwa na mpango wa kusahau.

Leo Filemon alikuwa anakwenda kununua ufunguo wa siri wa mfumo wa kompyuta unaofungua geti la mpakani. Muuzaji ni Valerian, mmoja wa vijana wawili walioutengeneza pale Moshi mjini. Mwenzake, Gerson, alifuta kazi ya Valerian bila kumuuliza, kisha akamwita mzembe mbele ya bosi. Toka hapo hata salamu hakuna. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Filemon yeye alichukua kapu mapema, akavune ugomvi wao.

Asichojua ni kwamba jana Joyness alikuwa amemfuata Gerson ofisini.

"Ulimkosea mwenzako?"

"Dada, ile kazi yake ilikuwa mbovu..."

"Sijakuuliza habari za kompyuta. Ulimkosea?"

Gerson aliinama. "Nilimkosea."

"Basi unajua cha kubeba."

Gerson akakata jani la isale kwenye uzio wa mama yake. Mchagga akiletewa isale na aliyemkosea, anasamehe. Kukataa ni kujitafutia laana.

Akampelekea Valerian jani lile.

"Uliniaibisha, Gerson."

"Nilikuaibisha. Nisamehe, kaka."

Valerian akalipokea. Kisha wakaketi kwenye laptop moja, wakatengeneza ufunguo wa bandia.

Sasa Prado ilisimama nje ya kihamba, shamba la migomba la kina Valerian. Valerian akampitishia flashi dirishani na kuondoka. Filemon akaichomeka kwenye laptop yake. Skrini ikaonyesha geti liko wazi. Akacheka, akapiga simu.

"Pitisheni malori yote."

Muda si muda, redio ya Joyness ikakoroma.

"Simba Mbili, malori yamenasa ndani. Bunduki zote tunazo."

Filemon alipoinua macho, bastola ya Joyness ilikuwa inamtazama.

"Shuka. Mikono juu."

Alishuka. Naye ni Mchagga, tena mjanja. Akavunja isale kwenye uzio, akapiga magoti na kulinyoosha.

"Dada yangu, nimekosa. Nisamehe."

 Joyness alizaliwa kwenye mlima huohuo, na jani lile alilijua. Alitamani kufyatua. Alitamani kweli.

"Wa kulipokea si mimi," alisema. "Wa kulipokea ulimpiga mgongoni."

Akamfunga pingu, jani likiwa bado mkononi.

"Lishike hivyohivyo. Mama yake Athanas atakuja mahakamani. Utampa yeye, kama utaweza kumtazama."

Askari wenzake walipofika, aliwakabidhi mtuhumiwa, akawasha Boxer, akateremka zake Moshi.

Hakugeuka nyuma.