Ngozi Isiyotoka Jasho

Nilikuwa natoka zamu kwenye wodi ya walioungua, jua linazama, shangazi aliponipigia simu.

"Mwanangu, pitia kwangu. Njoo na bandeji na ile dawa ya kupaka. Usimwambie baba yako."

Nikadhani kajimwagia mafuta ya moto.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, madirisha yamefungwa, joto la kupikia mkate. Harufu ya marashi ilinipokea kwanza. Chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine... nyama iliyosahaulika kwenye ndoo.

Shangazi alikaa kitandani, amejifunika shuka hadi kifuani. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, uso laini kama wa msichana!

"Nimependeza?" alinong'ona.

"Umependeza, shangazi. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Navuja."

Nikamshika mkono. Mimi shati lilikuwa limeloa jasho. Yeye hana hata tone. Ngozi ilikuwa ya baridi, imekauka, kama kitambaa cha plastiki cha mezani. Nikamfinya. Hakushtuka. Nikafinya kwa kucha.

"Unafanya nini?" akauliza, kwa sababu aliona. Hakuhisi.

Kazini nimeona watu waliopoteza ngozi. Maji ya mwili huwatoka usiku kucha, godoro likalowa, na kila kijidudu kikapata njia ya kuingia. Shuka la shangazi lilikuwa limelowa hivyo hivyo. Ute wa manjano, unanata.

Nikamwinua kidevu nifute. Chini ya taya kulikuwa na ukingo wa ngozi uliobanduka.

Kidole changu kikaingia ndani yake.

Kulikuwa na uvuguvugu. Kulikuwa na utelezi. Kitu kikacheza chini ya kidole. Nikachomoa, shuka likateleza begani mwake, ndipo nikaona mshono.

Nyuzi zangu. Fundo la mwisho limekaa upande kwa sababu glovu iliniteleza. Ndivyo nilivyomshona begani binti mmoja muuza maua, aliyetufia wodini, na ndugu zake wakamzika.

"Shangazi... hii ya nani?"

"Nilipewa." Midomo ilichelewa kufuata maneno. "Lakini haishiki. Ya mtu baki haishiki, mwanangu. Aliyenipa anasema nitafute ya damu moja."

Akanidaka kifundo cha mkono.

Nikavuta. Akavuta. Kisha kikasikika kitu kama soksi mbichi inayovuliwa, na nikaanguka chali, ngozi ya mkono wake imebaki imenishika, kucha zote tano, tupu ndani.

Nilikimbia huku naikwangua kwa meno ya ufunguo, nikaitupa mtaroni, nikatapika juu yake.

Asubuhi nilikwenda na baba. Chumba kitupu. Shuka lilikuwa limegandamana na godoro, na alama za nyayo zenye ute zilitoka mlangoni zikapotelea kwenye lami. Baba alisema dada yake amesafiri kutibiwa. Hakutaka kunisikiliza.

Mimi nimebaki na pete ya ngozi ile kwenye kifundo cha mkono, pale aliponishika. Haitoi jasho. Nimeichoma sindano, sisikii kitu.

Jumapili shangazi alimpigia baba simu. Baba anasema sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua mengi. Hakuniulizia mimi. Aliuliza kama mdogo wangu ameshafunga shule, na kama angependa kwenda kumtembelea.

Baba amekubali.