Aliyeitikiwa Kagoma

Kanga ya Evelyne ilikuwa imelowa. Joackim aliikuta asubuhi pale pale alipoiacha tangu mazishi, juu ya kiti cha karibu na dirisha, na alipoiinua maji yakachuruzika sakafuni. Akatazama dari. Dari lilikuwa kavu, na mvua yenyewe haikuwa imenyesha Kagoma tangu watu waanze kuanika kahawa. Akaipeleka kanga puani. Muda wote huo ilikuwa imetunza harufu ya mkewe, mafuta ya nazi na moshi kidogo wa jikoni. Sasa ilinuka nyasi zilizooza na majivu baridi.

Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote hutafuta kwanza bomba lililopasuka. Alitafuta, hakuliona.

Jua lilipopanda, dada yake Klaudia aliingia na bakuli la ndizi na maharage.

"Kaka, yule mgeni wako katoka wapi?"

"Mgeni gani?"

"Huyo uliyemwacha mlangoni. Nimemwamkia vizuri, 'kaboneka waitu', kanyamaza kama gogo. Na nguo zimemganda mwilini kama katoka kuvua sangara. Mpe hata shuka, jamani!"

Joackim akatoka. Hakukuwa na mtu. Juu ya saruji ya kizingiti kulikuwa na nyayo za maji, za mtu asiye na viatu, na zote zilielekea ndani.

Ndipo alipoukumbuka mkutano wa Jumamosi.

Chama cha Nasaba kilikutanisha watu wa ukoo mmoja, kuanzia Rubya na Kagoma hadi Rubafu. Walikutana kwa zamu katika mashamba ya migomba, kwenye makaburi ya wazee wao, na hapo marehemu waliitwa kwa majina. Kila jina lilipoitwa, mzao wa marehemu aliitika: "Nipo." Maana yake marehemu huyo ana nafasi nyumbani kwangu. Aliyekufa bila mtoto aliweza kuitikiwa na mtu yeyote wa ukoo aliyemkubali, ila nyumba moja ilikuwa na nafasi moja tu ya namna hiyo. Ikishatolewa, imetolewa.

Joackim alijiunga kwa ajili ya hilo. Yeye na Evelyne hawakujaliwa mtoto. Jumamosi ile alikaa kwenye majani akingoja, maana jina la mkewe, marehemu wa karibuni kuliko wote, lingeitwa mwisho.

Aliyeita ni shangazi Ephrasia, mkongwe wa ukoo. Alipofika kwa watoto wa Rwekaza, mmoja wa mababu, alitema mate pembeni, akaendelea.

"Shangazi, umeruka mtu," alisema Datius, mwenyekiti, aliyekuwa amefika kutoka Bukoba mjini na suti yake, orodha ya majina mkononi.

"Nimemruka. Na baba yangu alimruka."

"Sasa nasaba gani hii ya kuchagua marehemu? Wote ni wetu." Akaita mwenyewe kwa sauti ya mnadani: "Mushumbusi!"

Hakuna aliyeitika. Kimya kile kilimwingia Joackim kifuani. Aliliona jina la Evelyne likianguka katika kimya kama hicho, mwaka ambao yeye mwenyewe hatakuwepo. Ulimi ukatangulia akili.

"Nipo," alisema.

Ephrasia alisimama, akakung'uta majani kwenye kitenge, akasema mkutano umekwisha. Watu wakatawanyika. Evelyne hakuitwa.

Sasa, Klaudia alipoondoka, Joackim alikaa na kushika simu. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa sauti ambao hakuwahi kuufuta: mkewe akimkumbusha chumvi, kisha akicheka kwa sababu alijua ataisahau. Akaubonyeza. Badala ya cheko ilitoka mvua, mvua kubwa inayopiga juu ya nyasi, na ndani ya mvua hiyo mtu aligonga mbao polepole, akapumzika, akagonga tena, na Joackim alipoizima simu kugonga hakukukoma bali kulihamia nyuma yake, kwenye mlango wa chumbani, upande wa ndani, na alipojaribu kumkumbuka Evelyne alivyocheka ili apate kitu cha kushika, aliuona mdomo wake ukifunguka na hakusikia chochote.

Alifika kwa Ephrasia akiwa na kiatu kimoja.

"Alikuwa nani?" aliuliza.

Shangazi alisema kwa kunong'ona, ingawa walikuwa peke yao uani na jua lilikuwa kali. "Aliugua. Nduguze wakaogopa ugonjwa, wakamfungia nje usiku wa mvua. Akawaita mmoja mmoja kwa majina, na wote walikuwa macho. Asubuhi wakamkuta kizingitini. Tangu hapo anatafuta wa kumwitikia."

"Na Evelyne?"

"Nafasi ni moja, mwanangu. Digrii yako haikukufundisha kufunga mdomo?"

"Shangazi, sauti yake inaniponyoka. Nisaidie."

Shangazi akaacha utani, akatuma watu waitwe.

Alasiri wakakusanyika uani kwa Joackim, mlango wa mbele ukiwa wazi. Ephrasia aligawa kahawa kavu ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, lakini safari hii aliwaagiza wajaze mashavu na wasitafune. Mdomo uliojaa hauwezi kuitika. Angemwita Mushumbusi, naye akikosa wa kumwitikia angeondoka na kuiacha nafasi. Kisha angemwita Evelyne, na Joackim angetema na kuitika.

"Mushumbusi!"

Migomba ilitulia. Ndani ya nyumba kiti kilikwaruza sakafu.

"Mushumbusi!"

Nyayo za maji zikatokea kizingitini, moja baada ya nyingine, zikashuka kwenye ngazi, zikapita katikati ya watu waliokuwa wakitokwa machozi kwa kubana midomo, zikakaribia kiti cha Joackim, na hapo, kwa sababu vumbi la uani lilikuwa jingi na lilikunywa maji upesi, hakuna aliyeona zilikoishia. Harufu ya majivu ilitoweka. Jogoo mmoja akawika. Klaudia akafanya ishara ya msalaba, na mabega ya watu yakashuka.

Ephrasia akapangusa paji la uso. Akaita kwa upole, kama mtu anayeita jirani:

"Evelyne!"

"Nipo," ilijibu sauti.

Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, na Joackim aliisikia sikioni kabisa, pamoja na pumzi baridi iliyolowesha ukosi wa shati lake.

Datius alitema kahawa yake, akacheka kwa faraja. "Hapo sawa, mwalimu! Leo umeitika kiume."

Wengine nao wakatema, wakapiga makofi. Ephrasia peke yake hakupiga. Alikuwa akimtazama Joackim, ambaye mashavu yake yalikuwa bado yamejaa kahawa.