Ziwa Lililoinama Digrii Nne

Maiti ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Safi Chabani, mikono minne imekunjwa, kichwa kimelalia upande wa kulia.

Ilikuwa droni. Ndogo, ya kijivu, na chini ya pua yake ilining'inia kamera iliyoshikwa na kile kishingo chenye mota tatu, ambacho kazi yake ni kuituliza picha upepo unapovuma. Kando yake palikuwa na karatasi ya mashtaka. Na nyuma ya ukuta, ndani ya kasho, chumba cha mahabusu, alikuwapo msichana wa miaka ishirini na minne aliyelala juu ya saruji kwa sababu ya kamera hiyo.

Inspekta Safi aliisoma karatasi mara mbili. Mara ya pili aliisoma kwa sauti, maana hasira yake ilipenda kusikika.

"'Mimi, Bonaventure Tambwe, prezida wa Kamati ya Ulinzi wa Ufuo, ninamshtaki Alliance, mrushaji wa droni yetu. Ameng'oa kamera nzuri, ameiuza, na mahali pake ameweka nyingine isiyofaa kitu.'"

Aliiweka chini. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini alikuwa ameona watu wanyonge wakiingizwa kwenye kasho lile kwa karatasi fupi kuliko hiyo.

Kila mtu Uvira aliijua ile droni. Ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili ndagala wazaliane. Wavuvi walianika nyavu zao, wake zao wakapika sombe, majani ya muhogo, bila samaki, watoto wakalalamika. Droni ilitolewa na wafadhili ili imulike wadanganyifu. Na mtu wa kwanza kumulikwa alikuwa Providence, mjane mwenye watoto watano, aliyevua beseni moja. Bonaventure aliita umati, akaumwagia wavu wake petroli, akawasha kiberiti kwa mkono wake mwenyewe.

Inspekta alimwita Alliance.

"Kazi yako?"

"Narusha droni ya kamati, Mama Inspekta."

"Umeuza kamera?"

"Hapana! Ni minye nilitoa ripoti ya kwanza. Lundi asubui nilirusha, nikaona ziwa iko inalala upande. Nikapeleka picha kwa Prezida. Kesho yake banakuja kunifunga."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Wewe ndiye uliyeripoti Jumatatu?"

"Njo minye."

"Uliandika kwamba kamera imebadilishwa?"

"Sikuandika vile. Sikujua. Niliandika tu picha iko inainama."

"Ilianza kuinama lini?"

"Vendredi ilikuwa sawa. Samedi nilienda Luvungi ku maziko ya mujomba wangu, nikarudia dimanche jioni. Droni ilibakia mu sanduku, ku depo ya kamati."

Inspekta aliandika siku hizo tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. "Funguo za sanduku ziko ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya Emery mulinzi, na ya Prezida."

"Kuna mahali ulikatazwa kurusha?"

Alliance alifikiri. "Ku matete, nyuma ya nyumba ya Prezida. Alisema ndege benye banakaa mule banaweza kuigonga."

Inspekta aliandika neno *matete*, akalipigia mstari. Msichana aliinamisha uso.

"Mama Inspekta, kesho saa ine masaa yangu arobaini na nane inaisha. Banasema banipeleke ku parke. Mutu anaingia kule, anakaa mwaka muzima, dosie inapotea. Mama yangu atakufa na haya."

"Hujafika huko kwa waendesha mashtaka," alisema Safi. Lakini alijua msichana hasemi uongo. Dosie za kesi hupotea kweli, na huwa hazipotei za wakubwa.

*

Emery, mlinzi wa depo, ile ghala ya kamati, alikuwa mtu mpole asiyependa kumtazama askari machoni.

"Alliance alibeba nini alipokwenda Luvungi?"

"Kasaki kamoja tu, Chef. Nilimuona anapanda motari. Sanduku ilibakia."

"Na wewe siku hizo mbili ulikuwa hapa?"

"Hapana, Chef. Prezida alinipa konje. Samedi na dimanche."

"Huwa anakupa likizo mara nyingi?"

Emery alicheka kidogo bila furaha. "Tangu nianze, ni ya kwanza. Nilifikiri Mungu amemugusa."

Kutoka hapo Inspekta alipanda hadi Kimanga, kwenye kibanda cha Michée, fundi wa simu, redio na kila kitu chenye betri. Alimwekea droni mezani.

"Niambie kinachomuuma."

Michée aliipangusa meza kwanza. "Tunaanza na vitu ya bure. Batu wengi banasahau kuondosha kile kikofia kinafunga kamera, halafu banalia mota imekufa." Kikofia hakikuwapo. Alipuliza mchanga. Akaisukuma kamera kwa kidole, juu, chini, kulia, kushoto. Ikaenda bila kukwama. Akabonyeza mipira minne midogo inayozuia mtetemo. Yote ilikuwa mahali pake. Akaiwasha. Kamera ikatikisa kichwa, ikageuka huku na huku kama mtu aliyeamka, ikatulia.

Ilitulia imeinama.

"Mota ni nzima. Waya ni nzima," alisema Michée. Akachukua lenzi ya kukuza, akatazama chini ya kishingo, akatoa mlio mdogo. "Kamera si yake. Namba ya mwili na namba ya shingo haifanani."

"Basi imebadilishwa kweli."

"Imebadilishwa, lakini na mutu mwenye hajue kazi. Ona hii visi ya kufunga shingo, kichwa imeliwa yote. Alliance alijifunzia hapa kwangu miezi sita, Mama. Angekula visi vile, ningemufukuza."

"Na huku kuinama?"

"Kamera mupya, lazima uifundishe wapi ni sawa. Unalalisha droni ku meza, unabonyeza calibrage, inajipima yenyewe. Meza ikiwa sawa, picha itakuwa sawa. Lakini meza ikiwa inainama, droni inaamini dunia yote iko vile."

Inspekta alivuta kiti karibu. "Picha za Alliance zinainama kiasi gani?"

Michée alifungua ile ya Jumatatu, upande wa kusini, mahali maji yanapokutana na mbingu. Aliinyoosha kidogokidogo mpaka ziwa likalala sawa, kisha akasoma namba.

"Digrii ine. Minye sijue mutu gani anafanya kazi ku meza ya vile. Kikombe kingetembea."

Inspekta Safi aliinuka, akasogea mlangoni. Alitazama chini, kwenye paa za ufuoni. Tangu ziwa lilipopanda na kula misingi, nusu ya nyumba zile zilikuwa zimekaa upande. Wenyewe walishazoea. Waliweka tofali chini ya kitanda, wakahamisha mtungi, wakaendelea kuishi, na baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka kwamba sakafu imeinama.

"Nipe dakika mbili unioneshe pimamaji ya simu," alisema.

*

Alianzia Songo, nyumbani kwa Alliance. Mama wa msichana alisimama mlangoni akilia wakati Inspekta akilaza simu juu ya meza moja tu waliyokuwa nayo. Sifuri. Alikwenda kwa Emery. Meza haikuwapo, sakafu ilikuwa nusu digrii. Meza ya depo, sifuri.

Bonaventure Tambwe alimpokea kwa tabasamu pana. Nyumba yake ilikuwa ya simenti, karibu kabisa na maji. Ziwa lilikuwa limemeza baraza ya mbele na kubakiza ngazi tatu zisizokwenda popote.

"Mama Inspekta! Karibu. Yule mwizi ameungama?"

"Bado, Papa Prezida."

"Vijana wa siku hizi! Tumewapa kazi, tumewapa mashine, wanatuuzia."

Akamimina chai. Inspekta akatazama kikombe. Upande wa ziwa chai ilikaribia kumwagika. Upande wa ukuta ilibaki chini kwa unene wa kidole. Bonaventure aliacha kumimina mahali hasa palipotakiwa, bila kuangalia, kwa mkono uliokwisha kuzoea.

Inspekta aliweka simu yake mezani, kana kwamba amechoka kuishika.

Nne.

Alikunywa chai yote. Alishukuru. Njiani kurudi kituoni alitukana peke yake kwa lugha mbili, maana alikuwa amekunywa chai na mtu aliyemlaza mtoto wa wenyewe kwenye saruji huku akijua.

*

Saa mbili asubuhi, yakiwa yamebaki masaa mawili kabla ya parke, Inspekta Safi alirudi kwenye nyumba ile akiwa na askari wawili, Michée, Alliance, Emery na wajumbe sita wa kamati. Majirani walikuja bila kuitwa. Providence naye alikuja, akasimama nyuma, amefunga mikono.

"Hii ni fujo gani?" aliuliza Bonaventure.

"Ni kipimo. Michée, anza."

Michée alieleza mbele ya wote kwamba jana, baada ya picha za ushahidi kuhifadhiwa, aliilaza droni kwenye meza iliyonyooka na kuifundisha upya. Alliance aliirusha juu ya maji. Kwenye skrini ziwa lilikuwa limenyooka. Wajumbe walisogea, wakaona kwa macho yao.

"Sasa ilaze kwenye meza ya Prezida."

Bonaventure alisimama mlangoni. "Kwa sheria gani?"

"Kwa hii." Inspekta alimwonesha hati ya upekuzi. "Sogea."

Droni ililazwa palepale kilipokuwa kikombe. Michée akabonyeza. Kamera ikatikisa kichwa, ikajipima, simu ikaandika kwamba kazi imefaulu. Alliance aliitoa nje, akairusha tena.

Ziwa Tanganyika lililala upande.

"Ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Ine," alisema Michée. "Ileile."

"Upuuzi!" Bonaventure alipaza sauti. "Nyumba zote za ufuo ziko hivi! Nenda kwa jirani, nenda kwa huyu, kwa yule!"

"Ni kweli. Lakini hao hawana ufunguo wa sanduku. Wenye ufunguo ni watatu, na wawili nyumba zao zimesimama wima. Nani alimpa Emery konje?"

Wajumbe waligeuka kumtazama Prezida.

"Swali lingine. Alliance aliripoti kuinama kwa picha, basi. Wewe ukaandika kwamba kamera imebadilishwa. Namba yake ilisomwa kwa mara ya kwanza jana, kwa lenzi, kwenye kibanda cha Michée. Wewe uliisoma wapi?"

Bonaventure alitupa jicho upande wa matete.

"Alliance," alisema Inspekta bila kumwondolea macho Prezida, "nenda kule kwenye matete."

Droni ilikwenda sawa. Kwenye skrini yalipita mapaa, ngazi tatu, kisha majani marefu. Katikati yake, chini ya turubai la kijani, zilionekana mashua mbili. Nyavu za macho madogo, zile zinazokomba mpaka vifaranga, zilikuwa zimetundikwa kando. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

Mjumbe mmoja aliketi chini kwenye mchanga. Mwingine akasema polepole, "Watoto wangu wanakula bugali na chumvi tangu mwezi wa tano."

"Ongea, Papa Prezida," alisema Inspekta. "Kamera ya kwanza iko wapi?"

"Ndani ya maji." Sauti ilikuwa imeshuka. "Jumamosi niliirusha kuangalia ilipo mashua ya doria ya askari. Wavuvi wangu walikuwa ziwani. Wakati wa kuirudisha ikagonga mchikichi, kamera ikadondoka. Mpwa wangu akaniletea nyingine kutoka Bujumbura, ya droni iliyokufa. Nikafunga mwenyewe, kama wanavyoonesha kwenye simu. Simu ikasema imefaulu!"

"Na Alliance?"

"Aliandika ripoti. Wafadhili wangekuja kuifungua, wangeuliza. Ilibidi awepo mtu."

"Ilibidi awepo mtu," alirudia Inspekta. Aliyaandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa. "Wewe ndiye uliyepigania ziwa lifungwe kuliko wote. Kwa nini?"

Bonaventure aliwatazama watu wake mmoja mmoja, na pengine ndipo alipochoka kujificha.

"Kwa sababu mlitii. Ninyi wote mkitoka majini, ziwa lote linabaki langu. Soko lote linaningoja mimi."

"Na wavu wa Providence?"

"Ilikuwa lazima wengine waogope."

Palitokea kelele ambayo askari wawili walipata shida kuizuia. Providence alipita katikati yao bila kusukuma mtu. Alikuja akasimama mbele ya Bonaventure, mwanamke mfupi mwenye kitenge kilichopauka.

"Minye nilivua beseni moja, batoto bakule. Nilikosa, nikanyamaza. Weye uliwasha kiberiti mbele ya batoto bangu. Uliniita mwizi wa ziwa." Akamgeukia Alliance. "Na weye njo ulinipiga picha."

"Ni minye, Mama," alisema Alliance. Hakutafuta maneno mengine.

"Sasa mupige na yeye."

Askari walikuwa wamemfunga Bonaventure pingu. Alliance aliirudisha droni, akaishusha mpaka usawa wa uso wa mtu. Michée aliona skrini, akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza niinyooshe. Ziwa bado iko imelala."

"Usiiguse," alisema Inspekta Safi. "Iache vilevile alivyoifundisha yeye. Hakimu naye aione."

Alliance akabonyeza. Bonaventure Tambwe alionekana kwenye picha akiwa na pingu mikononi, nyavu mbichi nyuma yake, na ziwa lote limeinama upande wake. Ilikuwa saa tatu na nusu. Inspekta alichukua kitabu cha kasho, akafuta jina la msichana kwa mistari miwili, akamwambia aende Songo akamnyamazishe mama yake.