Dalali wa Wateja Arobaini na Mmoja

Hajiya Tabawa aliingia ofisini saa tatu asubuhi, akavua viatu, akamtazama mwenye ofisi usoni na kumsalimu, "Malam Ilu, umeamkaje?"

Mwenye ofisi aliitwa Alhaji Sabitu Gwarmai.

"Hajiya, leo jua limekupiga mapema," Alhaji akacheka. "Mimi Sabitu."

"Ndivyo nilivyosema." Hajiya akaupindua mfuko wa mchele mezani. Risiti za mwaka mzima za maduka yake matatu ya vitenge zikamwagika, nyingine zina mafuta, moja imeandikwa nyuma michango ya harusi ya mpwa wake. "Malam Ilu, mwaka huu usinichinje. Nina watoto wawili chuo kikuu."

Ilikuwa tarehe thelathini na moja Machi, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi, na Kano nzima ilikuwa imekumbuka kwa pamoja kwamba mwaka jana ilifanya biashara.

"Siku zote hizo ulikuwa wapi, Hajiya?" akauliza Hindatu, mhasibu wa pili wa ofisi ile, na wa kwanza kwa kufanya kazi.

"Nilikuwa nauza, mwanangu. Ningekuja Januari ungenipunguzia?"

"Ningekujumlishia vizuri."

"Hilo ndilo ninalolikimbia." Akavaa viatu. "Nitarudi saa nane kutia saini. Kwaheri, Malam Ilu."

Safari hii Alhaji hakucheka.

Malam Ilu Makwarari, dalali wa mizigo, hakuwa mtu. Miaka saba nyuma, siku kama hiyo, muuza ngozi mmoja alikuja bila risiti hata moja, na Alhaji akahitaji gharama ya kupunguza faida. Akabuni dalali. Akamtungia jina, akamjazia fomu ya usajili yenye urefu, umri na anwani, akamchongea muhuri, akamnunulia kitabu cha risiti, na muuza ngozi akaonekana amemlipa dalali huyo ujira mnono. Mwaka uliofuata wateja sita walimlipa. Sasa walikuwa arobaini na mmoja, na kama Ilu angekuwa na mwili, angekuwa tajiri mwenye msikiti wake.

Kwetu mtoto hapewi jina ovyo. Siku ya saba kondoo huchinjwa, malam wa dini husoma, jina hutangazwa, ili kila kinachosikiliza kijue kwamba jina lile lina mwenyewe. La Ilu lilitupwa nje hivi hivi, miaka saba mfululizo, bila kondoo, bila mtoto. Halikukosa wa kuliokota.

Saa sita umeme ulikatika. Feni ikasimama, na katika ule ukimya wa jua la utosi Hindatu akasikia mtu anagonga muhuri ndani ya stoo ya mafaili. Kimya kidogo, kama mtu anayefunua ukurasa. Halafu akagonga tena.

"Alhaji, nani yuko stoo?"

"Usifungue," Alhaji akanong'ona. Kanzu yake ilikuwa imelowa kifuani. "Yupo tangu Ijumaa."

Harufu ikaja, harufu ya ngozi mbichi iliyosahauliwa ndani ya chokaa.

"Mwanangu, nisikilize. Mwaka huu fomu zote utazigonga wewe, kwa muhuri wako. Mkono wangu umeharibika. Nikitaka kuandika Sabitu, inatoka Ilu. Jana mke wangu aliniita Ilu mbele ya wakwe."

Hindatu akakishika kipochi chake. Muhuri ulikuwa humo, una miezi miwili tangu aupate pamoja na leseni. Alikuwa ameusomea miaka kumi na mmoja na kufeli mtihani mara mbili, kwa sababu wenzake walinunua majibu na yeye akakataa.

"Umefanya nini kumwondoa?"

"Nimekunywa kombe, maji ya aya, siku tatu."

"Umekunywa kombe. Na jina, umelifuta kwenye fomu?"

Alhaji akatazama chini. "Nikilifuta, kodi itapanda. Wateja watanikimbia."

"Astaghfirullah! Yaani unakunywa maji ya Mungu huku unamwandikia shetani risiti?"

"Punguza sauti, anasikia!"

Kitasa cha stoo kikazunguka polepole, na mlango ukafunguka kwa ndani, na aliyetoka alikuwa mrefu kiasi kile fomu ya usajili ilichosema, mwenye umri ule fomu ilioutaja, amevaa kanzu ya mfanyabiashara wa mtaa ulioandikwa kwenye anwani, ana mikono kwa kuwa alihitaji kupokea, ana kinywa kwa kuwa alihitaji kukubali bei, lakini macho fomu haiulizi, na pale penye macho palikuwa na ngozi laini iliyopitiliza kutoka shavuni mpaka kwenye kofia, na ngozi hiyo ikamgeukia Hindatu, ikamlenga, ikatulia.

"Miaka saba mnaniandikia pato," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekasirika muda mrefu bila pa kusemea. "Mamilioni. Sijala hata tonge la tuwo. Gonga, Hindatu. Huyu mzee muhuri wake ni wa mwongo, umenipa nusu tu. Wako ni safi. Ukiniapia wewe, nitakamilika."

"Gonga aondoke," Alhaji akalia. "Nakuomba, binti yangu. Ni karatasi tu."

Hapo ndipo hofu ya Hindatu ilipoisha, ikasukumwa nje na kitu kikubwa kuliko yenyewe.

"Karatasi tu? Miaka kumi na mmoja nimekula gari, unga mkavu wa muhogo, kwa maji ili nipate haki ya kuigonga karatasi, leo unaniambia karatasi tu?"

Akachukua kalamu nyekundu. Fomu ya kwanza, akalikata jina la Ilu mstari mmoja, akaandika faida ya kweli, akagonga muhuri wake. Ya pili. Ya tatu. Yule kiumbe akanguruma, madirisha yakatetemeka, na Hindatu akaendelea kukata huku akitukana kwa sauti, akiwatukana wateja wa dakika ya mwisho, na Alhaji, na dalali, na yeye mwenyewe aliyejua tangu mwaka wa pili akanyamaza, na kila jina lililokatwa lilikula kipande cha yule mtu, vidole, goti, bega, mpaka fomu zikafika arobaini na pale mlangoni kikabaki kichwa na mkono mmoja.

Ya arobaini na moja Alhaji aliinyakua.

"Hii ya Hajiya Tabawa! Ananilipa kuliko wote! Acha hata moja!"

"Alhaji, usiandike!"

Akaandika. Akatia saini yake chini ya jina la Ilu, na mkono ukaandika Ilu, kama ulivyozoea tangu Ijumaa. Mlangoni, ile ngozi ikapasuka sehemu mbili kama kitambaa, na macho yaliyofunguka humo yalikuwa ya Alhaji, ya kahawia, yenye lile doa dogo la kushoto. Mwili ukarudi wote. Akatabasamu, akaichukua fomu yake na kutoka kwenda juani, na kivuli kikamfuata.

Saa nane Hajiya Tabawa alirudi.

"Nimempita Malam Ilu hapo nje, ameniambia yangu ameshaipeleka mwenyewe. Mtu wa heshima." Akatazama huku na huku. "Mbona uko peke yako, mwanangu?"

"Hajiya! Mimi hapa!" Alhaji alikuwa amesimama mbele yake, akimpungia mikono usoni. Hajiya akajipepea, akalalamikia joto, akaondoka.

Hindatu alizifunga zile fomu arobaini kwa kamba. Ofisi ya kodi ingefungwa saa kumi.

"Hindatu," mzee akasema, na machozi hayakutoka kwa sababu hapakuwa tena na pa kutokea, "wewe unanisikia. Una muhuri safi. Niandike. Niandike mahali popote, hata kwenye gharama."

Hindatu alikuwa na hasira naye bado. Hata hivyo alivuta fomu tupu, akaweka kalamu kwenye nafasi ya kwanza, akasubiri. Kalamu haikwenda. Akamwinulia uso.

"Nikumbushe," akasema. "Unaitwa nani?"

Mzee akafungua kinywa, akakaa nacho wazi hivyo hivyo, na nje mtu mmoja alikuwa akicheka na wateja.