Saa ya Watu Wengi

Soko la Likasi lilikuwa limefurika asubuhi ile. Fortunée alikuwa amepiga goti moja chini, katikati ya wauza samaki wakavu na wauza viatu, akijaribu kulipiga picha gauni alilolishona mwenyewe. Lilikuwa gauni la kitenge cha bluu, mabega yamepanda juu kwa madaha, linaning'inia kwenye mwamvuli wa jirani. Kila alipotaka kubonyeza, mtu alikatiza mbele yake. Wa mwisho, kijana mmoja, hakukatiza. Alisimama pale pale.

"Papa, toka mbele. Niko kwa kazi."

"Kazi gani?"

"Nachukua foto. Nataka kuposta."

"Sasa hivi?" Kijana aliangua kicheko. "Asubuhi hivi nani ataiona?"

"Bantu."

"Bantu gani? Bamaman bako hapa sokoni, simu bamefunga ndani ya kikwembe. Babwana bako kwa kazi. Kikula yote haina courant. Robe muzuri hivi, unaizika ingali nzima!"

Fortunée akasimama, akajipangusa goti, akamtazama vizuri. Shati jeupe, kola imenyooshwa ikanyooka, viatu vya njano vyenye ncha kali, simu mbili mkononi.

"Na weye ni nani? Docteur wa Facebook?"

"Plamedi. Na ile njo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Plamedi alitunza kurasa za saluni, za makanisa mawili na za duka la dawa. Aliijua Likasi kwa saa za simu zake. Alijua mtaa wa Kikula hufungua simu umeme unaporudi jioni, na kwamba kina mama wa Kipentekoste huangalia video Jumapili wakingoja bukari, ugali wa huko, iive. Alijua pia kwamba mtaa mzima wa Shituru huinama kwenye simu wafanyakazi wanapotoka kiwandani. Kitu kile kile kikitupwa saa mbaya, alisema, kinakufa bila mtu kujua kilikuwepo.

Fortunée alimbishia, lakini aliposti jioni. Kabla hajalala, gauni lilikuwa limepata mwenyewe.

"Allô, docteur?" alimpigia kesho yake.

"Robe imeenda?"

"Imeenda. Na bengine banataka ya namna ile ile."

"Basi unanishukuru namna gani?"

"Merci mingi."

"Merci haishibishi, mademoiselle."

"Kuya basi ukule bukari, muntu wa njaa weye!"

Alikuja, akala, akarudi tena. Maman Albertine, mama yake Fortunée, alimpenda kwa kicheko chake. Papa Évariste, aliyekuwa fundi kiwandani, mtu wa misa ya asubuhi na maneno machache, alimwangalia viatu vyake tu.

Haukupita muda, Plamedi akaanza kuweka video zao wawili. Fortunée akimfunga kifungo cha shati. Fortunée akimfukuza jikoni na mwiko. Mji ukawapenda. Wasichana walimsimamisha sokoni wakimuuliza bwana wake yuko wapi, naye alijisikia kama mtu aliyewashiwa taa. Lakini siku ya kuzaliwa kwa Fortunée, Plamedi alipita asubuhi akamwambia bonjour tu, akaenda zake. Jioni akarudi na keki na machozi, akapiga magoti mbele ya simu.

"Asubuhi ulisahau?" Fortunée alimuuliza baadaye.

"Sikusahau, chérie. Nilikuwa naiweka kwa saa yake."

Alicheka, na Fortunée akacheka naye, ingawa hakuona cha kuchekesha.

Kisha akapata mimba. Alikwenda kumwambia chumbani kwake Kikula.

"Plamedi, niko na mimba."

Plamedi alimtazama tumboni. Halafu akamnyanyua, akamzungusha mpaka kiti kikaanguka, akamwita mama wa mtoto wangu, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Fortunée hakuitilia shaka hata siku za baadaye, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Plamedi alimshusha polepole, akaegemeza simu ukutani.

"Toka kidogo, chérie. Ingia tena. Sema paka vile vile umesema."

"Mara ya pili?"

"Mara moja tu. Juu ya mutoto."

Fortunée akatoka, akaingia, akasema. Safari hii Plamedi alilia pia, na vizuri.

"Jumamosi muchana nitakuya kwenu na bakaka yangu, tupige magoti mbele ya papa," alisema akiwa ameshaipanga video ijitume yenyewe. "Jioni video inatoka. Saa yenye ba kwa usine banatoka kazi. Shituru yote itakuwa kwa simu!"

"Papa naye iko kwa usine."

"Muchana iko bado kwa nyumba, kazi anaingia nyuma, kidogo tu. Ile saa atakuwa alishajua. Usiogope."

Jumamosi asubuhi papa Évariste aliitwa kazini mapema, mashine moja imeharibika. Fortunée alikuwa kwenye cherehani maumivu yalipomkamata chini ya tumbo. Alishuka kitini akakaa sakafuni. Maman Albertine aliona damu kwenye kikwembe alichojifunga binti yake, hakuuliza lolote, akasimamisha pikipiki mbili barabarani. Ni muuguzi wa hospitali aliyemwambia kwamba binti yake alikuwa na mimba, na katika sentensi hiyo hiyo akamwambia kwamba mimba imetoka.

Mchana Plamedi alifika kwa kina Fortunée, Shituru, na kaka zake, suti imemkaa, akakuta mlango umefungwa. Simu ya Fortunée ililia ndani, juu ya cherehani. Jirani hakujua kitu. Wakarudi Kikula. Angeweza kuisimamisha ile video. Aliifikiria, akaona ni hasara: Jumamosi nyingine huenda mvua ikanyesha, umeme ukakatika, watu wakapungua. Akaiacha.

Jioni maman Albertine alimletea binti yake simu, na kitu cha kwanza alichofanya Fortunée ni kumpigia.

"Plamedi. Mutoto haiko tena."

"Unasema nini?"

"Imetoka. Niko hôpital. Ile video, toa. Papa hajue kitu. Tafazali, toa."

"Mungu wangu... Naitoa. Lala, chérie. Naitoa sasa hivi."

Alikata simu, na kweli alikusudia kuitoa. Aliufungua ukurasa. Video ilikuwa imetoka muda mfupi tu, na mioyo myekundu ilikuwa inapanda kwenye kioo kama maji yanayochemka. Watu wa Lubumbashi. Watu wa Kolwezi. Mtu wa Ubelgiji. Hajawahi kuona kitu kama kile. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya neno la kufuta. Akajiambia, kidogo tu. Machozi yalimtoka, ya mtoto wake, na kupitia machozi hayo akaendelea kusoma hesabu.

Kwenye lango la kiwanda, papa Évariste alitoka na kofia yake ngumu kwapani.

"Félicitations, grand-père!" wenzake walimpigia kelele, wakimpongeza kuwa babu. "Umetuficha!"

Mmoja akamwekea simu mbele ya macho. Papa Évariste aliangalia mpaka mwisho. Alimwona binti yake akiingia mlangoni, akisema neno lile, akikumbatiwa. Akasema asante, kwa sababu hakujua neno lingine la kusema, akaenda nyumbani kwa miguu. Jirani alikwisha kupata habari, akamwelekeza hospitali.

Alisimama miguuni pa kitanda.

"Ni kweli?"

"Ilikuwa kweli, papa," Fortunée alijibu.

Mzee akatazama dirisha, akatoka nje. Mkononi mwa Fortunée simu ilitetemeka, ikatetemeka tena. Mungu aongeze! Ni boy ao fille? Mutatuonyesha tumbo lini? Alisoma chache, akaizima.

Plamedi alipofika kesho yake na matunda, alikuwa na maneno tayari.

"Simu ilizimika mukononi. Courant haikukuwa, batterie ilikuwa imekufa. Nilikimbia quartier yote kutafuta groupe ya courant. Naapa mbele ya Mungu, Fortunée."

"Enda."

"Chérie..."

"Enda, Plamedi. Chukua na machungwa yako."

Kwa majuma mengi hakupokea simu zake. Plamedi akakonda. Kila Jumapili baada ya misa alisimama ng'ambo ya barabara, bila viatu vya njano, bila simu mkononi, mpaka maman Albertine akamwonea huruma akamwita ndani. Alipiga magoti mbele ya papa Évariste akakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Mzee hakumwambia inuka, lakini hakumfukuza. Na Fortunée, ambaye alikuwa na hasira mchana na upweke jioni, hatimaye alimfuata nje.

"Umekuwa mubaya," alimwambia. "Shingo kama ya kuku."

"Bila weye sikule."

"Muongo."

"Ninakula, lakini haishuke."

Alicheka bila kutaka. Akaegemeza kichwa kwenye shati lake, akalia kile alichokuwa hajakilia, na Plamedi akamshika kama mtu anayeshika kitu cha kioo. Umeme ulikatika kweli siku ile, Fortunée alijiambia. Umeme hukatika kila siku. Kwa nini nisimwamini?

Wakarudiana. Kiwanda kimoja kipya cha juisi kikamtafuta Plamedi: kilitaka wapendanao wa Likasi wayabebe machupa yake kwenye video zao. Akampeleka Fortunée kula samaki kwenye ukumbi wa wazi mjini, yeye na gauni la manjano, midomo imepakwa rangi, muziki unapiga polepole. Plamedi alikuwa na furaha kubwa, akasahau kujilinda.

"Jumamosi kuko surprise. Vaa nyeupe. Patron wa juice mwenyewe atakuwa pale. Unajua balituona wapi? Paka kwa ile video. Nilikuwa naangalia, chiffre ya bantu inapanda, inapanda, nikajisemea Plamedi, hii haitarudia..."

Fortunée aliweka kipande cha samaki chini.

"Ulikuwa unaangalia?"

"Nataka kusema, baadaye..."

"Simu haikuzimika."

"Chérie, sikia." Alimshika mkono. "Nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia mutoto wangu. Lakini mutoto alikuwa alishaenda. Kama ningeitoa, angerudi? Na leo tungekuwa wapi?"

Fortunée alimtazama. Aliona kwamba hakuwa anadanganya: alilia kweli, na aliangalia kweli, vyote pamoja, kwa macho yale yale. Hakupiga kelele. Alinawa mikono.

"Nirudishe nyumbani."

"Jumamosi utakuya?"

"Nirudishe nyumbani, Plamedi."

Jumamosi asubuhi alikwenda Kikula. Njia nzima, nyuma ya pikipiki, alijua anachokitaka, na alijionea aibu kukitaka. Alimpenda. Plamedi akimwuliza habari ya ndoa leo hii, wawili tu, bila mtu, basi atamsamehe hata lile. Alikuwa na gauni la kazi, nyuzi zimeng'ang'ania kifuani, nywele amezifunga na kitambaa.

Plamedi alikuwa na fulana, anajifunza maneno mbele ya kioo. Pete ilikuwa mezani.

"Eh! Unafanya nini huku? Utaharibu surprise!"

"Niulize sasa."

"Nini?"

"Kile unataka kuniuliza jioni. Niulize sasa. Nitaitika."

Plamedi akacheka, akitafuta mzaha usoni mwake. "Sasa? Hakuna courant. Bantu bako sokoni. Unajua mwenyewe, hii saa ni kufa."

"Hakuna muntu. Njo nataka. Minye na weye. Chukua pete, niulize, nitasema ndiyo. Naapa kwa Bikira Maria."

"Utasema ndiyo na jioni."

"Jioni sijue."

Alisema kwa sauti ya kusihi ambayo hajawahi kuitumia kwa mtu. Plamedi akaisikia. Uso wake ukalainika, macho yakang'aa, na kwa kitambo kifupi Fortunée aliamini kwamba mkono ule unaonyooka unaifuata pete. Mkono uliifuata simu.

"Chérie, hii ni nguvu," alinong'ona. "Rudilia. Sema paka hivyo, na ile sauti. Nitaiweka mbele ya direct ya jioni, bantu bawe na suspense."

Fortunée alitoka. Plamedi alimwita mara mbili kutoka mlangoni, akidhani ameona haya.

Jioni bustani ya ukumbi ilijaa maua ya karatasi na machupa ya juisi. Umeme ulikuwepo, mvua haikunyesha, kiwanda cha Shituru kilikuwa kimewatoa watu wake. Plamedi alisimama na suti nyeupe, simu imewekwa juu ya mguu wa chuma, akawasalimu watazamaji wa moja kwa moja. Mke wangu yuko njiani, alisema. Akasema tena. Akampigia.

Shituru, simu ililia juu ya meza. Fortunée alikuwa anapinda ukingo wa sketi ya mteja.

"Si uitike?" maman Albertine alimuuliza, miwani puani, simu yake mwenyewe mkononi.

"Hapana, maman."

"Anaanza kulia. Mama yangu, bantu vile banamucheka! Mumoja anaandika, bibi amekimbia na muuza makaa." Alisogeza kioo karibu na macho. "Fortunée, mwanangu. Anaumia."

"Najua anaumia."

"Basi mwambie azime ile simu."

Fortunée alikata uzi kwa meno. Papa Évariste, aliyekuwa mlangoni, alinyoosha mkono akachukua simu ya mkewe, akaitazama kidogo, akamrudishia.

Kule bustanini wageni walikuwa wanainuka viti. Mwenye kiwanda cha juisi alimkaribia Plamedi, akamshika bega kwa huruma, akamnong'oneza azime, inatosha. Plamedi aliitikia kwa kichwa. Alikwenda mpaka kwenye simu, machozi yakidondoka kwenye kola, pete ameikamata hadi imemwacha alama kiganjani. Alikuwa anaumia kuliko alivyowahi kuumia. Akainua kidole, akaiona hesabu juu ya kioo. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile nyingine, na walikuwa bado wanaingia.

Akashusha kidole. Akarudi nyuma hatua moja, mahali pale taa ilipomwangaza vizuri.

"Famille," alisema kwa sauti iliyokatika, "musiende. Mupartager, mutumie na bengine, baingie."