Kucha za Mfalme Olav

Jioni ile, katika kanisa kuu la Nidaros, walikuwemo watu wanne walio hai. Padre Eindride, mwenye mkasi. Torleiv mfua fedha, aliyefungua kifuniko cha jeneza. Bibi Ingerid, mshika taa. Na Gyrid binti Hallvard, mke wa Aslak fundi mashua, aliyekinga beseni. Wa tano alikuwa Mtakatifu Olav mwenyewe, mfalme aliyelala humo tangu enzi za babu zao, ambaye kila mwaka nywele na kucha zake ziliota, zikahitaji kukatwa.

"Marehemu ana nywele kunishinda," Torleiv alinong'ona.

"Wewe hata ukifa hazioti," Bibi Ingerid akamjibu. "Upara wa ukoo huo. Nyamaza."

Padre aliweka unywele mmoja juu ya makaa, kama ilivyo desturi. Haukuungua. Moto wa kawaida hauli kitu cha mtakatifu. Wote wakapiga magoti, wakafumba macho.

Gyrid hakufumba. Nyumbani, mguu wa Aslak ulikuwa umeoza tangu shoka lilipomteleza, na uozo ulishafika pajani. Alichopoa kipande cha ukucha kutoka beseni, akakificha chini ya ulimi.

Kilikuwa na ladha ya chuma. Baridi yake... haikuisha njia nzima.

Alikitumbukiza katika kikombe cha maji.

"Kunywa, mume wangu."

"Umeniwekea nini humo, Gyrid? Sumu, uolewe na tajiri?"

"Tajiri gani atanitaka na ulimi huu? Kunywa."

Aslak alicheka. Akanywa.

Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu. Gyrid alitoka mbio. Aslak alikuwa uani, amesimama kwa miguu yote miwili, anachonga ubao. Harufu ya uozo ilikuwa imekwisha. Gyrid alimkumbatia huku akilia. Mwili wa mumewe ulikuwa baridi, lakini asubuhi za Nidaros zote ni baridi.

Siku hiyo hakula. Wala iliyofuata. Wala hakucheka tena. Jioni, Gyrid akikoroga uji, alisikia sauti nyuma yake.

Kwaru... kwaru...

Kucha za Aslak zilikuwa zimepinda kama ndoana, zinakwaruza meza.

"Nikate," alinong'ona.

Alimkata. Asubuhi kucha zilikuwa zimerudi, na ndevu zimefika kifuani. Akamkata tena. Safari hii alizoa vipande vile akavitupa motoni, akangoja harufu ya kuungua.

Hapakuwa na harufu.

Alichungulia. Vilikuwa pale juu ya makaa, vyote, vizima.

Padre Eindride alipoitwa, hakumsalimu Aslak. Aliweka kiganja chake kifuani mwa fundi yule. Akakiacha hapo... muda mrefu.

"Gyrid, mwanangu," alisema taratibu, "ulichukua nini kanisani?"

"Padre, amepona! Si unamwona anatembea?"

"Sikukuuliza kama anatembea."

Gyrid alimwambia yote. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokauka, "Ni mguu uliomfikisha hapa, Padre? Au ni maji yangu?"

Padre alikuwa akifuta kiganja chake kwenye kanzu.

Kwaru... kwaru...

"Nikate."

Aslak bin Sigurd, fundi mashua wa Nidaros, alikuwa amekufa tangu usiku ule alipokunywa maji.