Mwanamke Aliyepasha Betri Moto

Nilitoka nje kufuata betri tu.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima, na theluji ya uani imegeuka rangi ya majivu. Wageni wa mwisho wa sherehe ya mtoto walikuwa wanapanda magari yao, wakiagana kwa kelele, kila mmoja na furushi lake la nyama na maandazi. Ndani, Sabira, mama mwenye nyumba, alikuwa amening'ang'ania mkono.

"Saikal mwanangu, picha zote za leo nimezibwa na vichwa vya watu. Nipige moja ya kwangu. Mimi, mjukuu wangu, na susu yake ya kulalia. Basi."

"Mama, betri imekwisha."

"Mashine nayo inachoka? Sisi tumekaanga unga tangu alfajiri na bado tunasimama!"

Mwanawe Taalai, baba wa mtoto, akacheka. "Dada, inunulie koti hiyo kamera. Baridi ya huku si ya mjini."

Alisema kweli. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na sherehe za watoto, na huku juu ya Kochkor, milimani Kirgizia, majira ya baridi, betri hufa kabla ya wakati wake. Chaji inakuwa bado imo, ila baridi imeikamata. Ukiitia kwapani ikapata joto la mwili, inazinduka. Siku zote natembea na za akiba ndani ya nguo, kama kuku na mayai yake. Siku ile, kwa pilikapilika za kuwahi, ya akiba ilibaki kwenye mkoba, na mkoba ukabaki garini.

Nikaikuta betri imekuwa jiwe. Nikaichomeka kwenye kamera. Kioo kikawaka, kikapepesa, kikazima.

"Imekufa?"

Niligeuka. Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Mrefu, gauni tupu bila koti, nywele za manjano zimeachiwa hadi kiunoni. Hakuwa na kitambaa kichwani, katika baridi ile ya kupasua midomo. Nikadhani ni mke wa binamu fulani, labda Mrusi, ametoka kupunga upepo baada ya kushiba.

"Haijafa," nikamwambia. "Imeshikwa na baridi."

"Lete. Mikono yangu ina moto."

Nikampa. Sijui kwa nini, lakini nikampa. Akaifumba katika viganja viwili, kama mtu aliyekamata ndege.

"Mama wa mtoto yuko peke yake?" akauliza.

"Aka! Hajatoka arobaini, nani amwache peke yake? Mkwe wake yupo."

"Mimi sijamwona mtoto."

"Ingia basi umwone. Nyumba ya furaha haina mlango."

Akatabasamu. Niliinama kufunga mkoba, na nilipoinuka hakuwepo. Betri ilikuwa juu ya boneti. Niliigusa nikairudisha haraka... ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotolewa kwenye majivu.

Pale aliposimama, theluji ilikuwa imeyeyuka. Tope tupu, jeusi. Na harufu ya manyoya ya mbuzi yaliyolowa.

Nikajiambia: Saikal, una kazi. Nikarudi ndani.

Chumba kilikuwa na joto zuri la jiko la makaa. Uulkan, mke wa Taalai, alikuwa ameegemea magodoro, uso umechoka lakini unang'aa, macho hayabanduki kwa mwanawe. Sabira alikuwa amezungusha moshi wa mreteni, wa kufukuza mabaya, juu ya susu, na sasa amemwinua mtoto mikononi, tayari.

"Haya, piga! Kabla hajanikojolea!"

Kamera iliwaka mara moja. Alama ya betri ilikuwa imejaa kabisa. Betri ambayo sikuwa nimeichaji tangu juzi.

Nikapiga.

Sabira alikuwa anacheka kwa kinywa chote, pengo la meno likionekana, mtoto amemkunjia uso. Picha njema kuliko zote za siku ile. Nikaitazama kwenye kioo nikatabasamu.

Kisha nikaona pembeni.

Nyuma ya Sabira, kwenye kona ya mlango, alisimama mwanamke mwenye nywele za manjano.

Nikainua macho. Kona ilikuwa na makoti yaliyotundikwa. Hakuna mtu.

"Yule mgeni wenu ameingia?" nikauliza.

"Mgeni gani?" akasema Taalai. "Wote wameondoka."

"Mrefu hivi. Nywele za manjano."

Sabira akaacha kucheka. Alimlaza mtoto polepole kwenye susu bila kuniondolea macho. "Umemwona wapi?"

Nilinyanyua kamera nikapiga tena, pale pale, bila kulenga.

Katika picha alikuwa ameondoka konani. Alikuwa amesimama miguuni pa Uulkan.

Nikapiga nyingine. Alikuwa amepiga magoti.

"Mama..." Uulkan alisema. Alikuwa ameweka mkono kifuani. "Mama, kuna kitu kimenikalia hapa."

"Usipige tena!" Sabira akanong'ona.

Niliondoa kidole kwenye kitufe.

*Cha.*

Kamera ikapiga yenyewe.

*Cha. Cha. Cha.*

Nikaizima. Haikuzimika. Kwenye kioo picha zilipita moja baada ya nyingine, na katika kila moja mkono wa yule mwanamke ulikuwa umesogea. Juu ya blanketi. Juu ya tumbo. Juu ya kifua cha Uulkan. Kisha sikuuona mkono tena, kuanzia kwenye kiganja hadi kiwiko, kwa sababu ulikuwa umeingia ndani.

Uulkan alifungua kinywa kuvuta pumzi. Haikuja.

Sisi Wakirgizi tunakua tukisimuliwa habari za albarsti, pepo wa kike mwenye nywele za manjano. Huja kwa mzazi mpya. Hataki mtoto, anamtaka mama. Humtoa pafu, akakimbia nalo hadi penye maji, na pafu likigusa maji mama anakata roho. Niliyasikia hayo kwa bibi yangu, nikayaweka pamoja na hadithi nyingine za kulalia.

Sabira hakuyaweka huko. "Taalai! Funika maji! Ndoo, birika, kila kitu!"

Taalai alikuwa amemshika mkewe mabega, analia kama mtoto. "Mama, anageuka bluu! Twende hospitali!"

"Hospitali utafika na maiti! Funika maji, nakwambia!"

Akarukia ndoo, akazifunika kwa sinia, kwa blanketi, kwa koti lake. Ghafla akasimama. "Na mto kule chini je?"

"Mto umeganda."

"Tundu, mama! Tundu la kunyweshea ng'ombe! Nimelitoboa kwenye barafu leo asubuhi!"

Sabira akampa kisu cha nyama. Taalai akatoka mbio bila viatu.

*Cha. Cha. Cha.*

Nikafungua kifuniko cha chini na kuing'oa betri. Iliniunguza, nikaitupa sakafuni. Ngozi ya vidole vyangu ilibaki nayo.

Kamera ilikuwa mkononi mwangu bila betri.

*Cha.*

Ikaendelea.

Taa ndogo nyekundu, ile inayoonyesha picha zinaandikwa kwenye kadi, ilikuwa inapepesa kwa kasi. Mpiga picha yeyote anajua: taa ile ikiwaka, usiiguse kadi. Ukiichomoa, unaua kila kilichomo. Sherehe nzima ilikuwa humo. Wazee, watoto, Sabira na pengo lake.

Kwenye kioo mwanamke alikuwa amenipa mgongo. Anaelekea mlangoni. Amekumbatia kitu.

Nikaishika kadi kwa kucha nikaichomoa.

Kamera ikanyamaza.

Taa ya dari ilitikisika. Kisha Uulkan akavuta pumzi moja ndefu, ya mkwaruzo, kama mtu aliyetolewa kisimani, na mtoto akalia, na Sabira akakaa chini palepale akaanza kumsifu Mungu kwa sauti isiyo na nguvu.

Taalai alirudi miguu inavuja damu. Tulimkalisha karibu na jiko. Akamwambia mama yake tu, kwa kunong'ona, nami nikasikia.

"Nyayo zilifika hadi tunduni, mama. Zimeyeyusha barafu. Zilibakisha kama hatua moja."

Sabira aliichukua kadi mkononi mwangu. Ilikuwa bado na joto. Aliigeuza, akakitazama kile kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa dole gumba, akakisogeza sikioni. Hakuniambia alisikia nini. Aliishona ndani ya kifuko cha ngozi, akakitundika juu ya jiko, mahali pakavu kuliko pote nyumbani.

"Amefungwa humo na mzigo wake," alisema. "Isiguse maji. Isifunguliwe. Hata nikifa."

Akafa kweli, vuli iliyofuata. Moyo. Alikuwa anapepeta ngano, akakaa, hakuinuka.

Hapo ndipo Taalai aliponipigia simu.

"Dada Saikal, sina picha ya mama na mwanangu. Hata moja. Ile uliyopiga..."

"Taalai, kadi ile imekufa. Niliichomoa ikiandika."

"Kuna fundi kule mjini Bishkek. Anasema kadi haifi. Anasema vitu vimo, ila njia ya kuvifikia ndiyo imepotea."

"Mkeo anasemaje?"

"Uulkan anasema hapana."

"Basi msikilize."

"Ni rahisi kusema. Wewe mama yako yupo." Kisha akasema polepole, "Samahani, dada. Lakini mtoto anaanza kuongea. Ananiuliza bibi ndiye nani, namwonyesha jiwe la kaburi. Nimwonyeshe jiwe mpaka lini?"

Namjua mtu anayetafuta ruhusa, na namjua aliyekwisha kuamua. Nilimwambia tu, "Usifanye, mdogo wangu."

Mwezi uliopita, kabla ya magharibi, simu yangu ililia. Ujumbe kutoka kwa Taalai. Alikuwa Bishkek.

*Dada, imefunguka! Fundi ameokoa moja tu, lakini ndiyo yenyewe. Tazama mama alivyokuwa anacheka.*

Picha ikateremka polepole kwenye simu. Kitambaa cheupe cha Sabira. Pengo la meno. Mtoto amekunja uso. Nikasikia machozi yananijia, kwa sababu nilimpenda yule mama.

Kisha nikatazama kona ya mlango.

Makoti. Makoti yaliyotundikwa, na ukuta.

Nikaikuza picha mpaka ikawa madoa matupu. Hakuwemo. Nilimwona kwa macho yangu mawili katika picha hii hii, kwenye kona hii hii. Taalai aliona ushahidi kwamba hapakuwa na kitu; mimi niliona kwamba ametoka. Alikuwa ameandika chini: *Unaona? Ilikuwa hofu yetu tu.*

Nikakosea mara mbili kubonyeza jina la Uulkan. Simu ikaita... ikaita... akapokea.

"Dada Saikal! Nilikuwa nakuwaza." Sauti yake ilikuwa na kikohozi chepesi. "Subiri kidogo, nina mtu mlangoni."

"Nani?"

"Simjui. Mama mmoja, mpita njia. Maskini, hana hata koti. Nimemkaribisha ndani, hataki. Anaomba maji tu."

Nikaibana simu sikioni.

"Amekuja na bakuli lake," akaendelea. "Kuna kitu ameshika, amekifunika kwa nywele. Ngoja nimmiminie."

Nikasikia maji yakimiminika.

"Mwaga!" nilipiga kelele. "Uulkan, mwaga! Mwaga chini!"

Bakuli likaanguka juu ya mawe. Nilisikia likizunguka, likizunguka, likatulia. Nilisikia pia kikohozi chake, kirefu, cha chini kabisa kifuani. Na mtoto akimwita mama.

"Uulkan?"

"Nipo." Alikuwa ananong'ona. "Nimemwaga. Ameondoka, dada."

"Ameelekea wapi?"

"Mtoni."

Majirani walikwenda usiku ule na tochi, wakaziba tundu kwa mawe na theluji, maji yakaganda juu yake. Taalai alirudi kesho yake, akaanguka miguuni pa mkewe. Mimi pia nilipanda. Tulipita kila nyumba ya kijiji kile tukiomba maji yafunikwe, na hakuna aliyetucheka. Mullah amekuja. Mganga wa mabonde ya chini amekuja, akasikiliza kifua cha Uulkan kwa sikio lake, akasema upande wa kushoto pafu linasikika kama liko mbali.

Lakini anapumua. Anakula, anampikia mumewe, anambeba mwanawe. Tumejaribu kumhamisha. Kila gari linapofika darajani anazimia, tunarudi.

Mto bado umeganda, ukingo hadi ukingo, hana pa kulilowesha. Taalai hulala kando ya mto akilinda, amevaa kila nguo aliyo nayo.

Leo tumeingia Machi. Niko kwao. Asubuhi hii nilikuwa kibarazani nikinywa chai, jua linawaka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Uulkan ameketi karibu nami akimsuka nywele binti wa jirani.

Sote wawili tulisikia kwa pamoja. Mikono yake ikasimama.

Kutoka ukingoni mwa paa, tone la kwanza la theluji inayoyeyuka lilikuwa limedondoka.